Herufi za Bi Mwanatumu

Bi Mwanatumu aliweka simu juu ya meza ya Shee, fundi wa simu, akasema anataka kumwandikia mwanawe aliye ughaibuni. Miaka sita sasa, kila ujumbe alikuwa akiandikiwa na jirani.

"Niambie maneno, mama, nikuandikie," fundi alisema.

"Sitaki kuandikiwa. Nataka kumwomba radhi mwanangu, na hilo haliombwi kwa mkono wa mtu."

"Kumbe unajua kuandika?"

"Hizo herufi zenu sizijui. Mimi nilisoma chuo cha Kurani. Barua zangu zote za ujana ni Kiswahili kitupu, kwa herufi za Kiarabu, na mwanangu nilimfundisha mwenyewe. Nilidhani simu haina. Jana nimeziona kwenye simu ya maalim."

Fundi akaona haya. Aliingia kwenye mipangilio, akaongeza kibodi ya Kiarabu. Herufi zilipotokea kwenye kioo, Bi Mwanatumu alivaa miwani.

Aliandika kwa kidole kimoja, kutoka kulia kwenda kushoto. Mara mbili alifuta yote akaanza upya. Wateja walikuja, wakahudumiwa, wakaondoka. Mwishowe akatuma, akamwonyesha fundi simu.

"Imekwenda?"

Fundi aliikodolea macho mistari ile asiyoweza kuisoma. "Imekwenda, mama. Ameshaifungua."

Wakasubiri. Simu ikalia. Lilikuwa neno moja tu, kwa herufi zilezile.

"Anasemaje?" fundi aliuliza.

Bi Mwanatumu alikuwa ameshaifunika simu kwa kiganja.