Sauti Moja Msibani

Kila nyumba hapa Yerevan ina sikio ukutani, na muziki wowote usio wa Kiarmenia halisi sikio huumeza kabla haujatufikia. Mume wangu Zaven aliimba kwenye harusi za mtaa huu maisha yake yote. Siku ya mazishi yake nilileta nyumbani wapiga zumari wawili, kama ilivyo desturi yetu: mmoja hupiga wimbo, mwenzake hushikilia sauti moja chini yake.

Nikawaomba wimbo wa Zaven.

“Shemeji, ule una madoido ya kigeni,” akasema Vahan, mdogo wa marehemu, mjumbe wa kamati inayolifundisha sikio.

“Ya kigeni? Si ndio huo ulioucheza harusini kwako mpaka shati likalowa?”

“Enzi hizo tulikuwa gizani.”

Wakaanza. Mpiga wimbo alivimbisha mashavu, vidole vikakimbia, na hatukusikia kitu. Ikabaki ile sauti moja tu, ikivuma kama friji, na ndiyo tuliyomlilia nayo mume wangu.

“Safi,” Vahan akanong’ona. “Huo sasa ndio wetu.”

Nikatazama chini. Mguu wake ulikuwa unafuata mdundo wa wimbo tusiousikia, bila kukosea hata kidogo.

Nikaukanyaga kwa kisigino.