Pini Sita

Simu kutoka kliniki ililia fundi cherehani akiwa na pini sita mdomoni, na mjukuu wake amesimama juu ya stuli ndani ya gauni jipya la shule.

Ni majibu ya damu. Kila miezi mitatu, mwaka wa saba sasa, alipimwa kujua kama saratani yake bado imetulia.

"Bibi, simu."

Akatikisa kichwa tu. Akachomeka pini ya kwanza.

"Na hizo pini, unafanana na nungunungu."

Kicheko kikampanda. Akaubana mdomo, mabega yakatikisika, machozi yakamtoka. Mtoto naye akacheka mpaka stuli ikayumba.

Simu ikanyamaza, kisha ikaanza upya.

Fundi akashika mkasi. Tangu augue, kitambaa kilichozidi alikuwa akikikata, akiacha upindo mwembamba, asimwachie mtu mwingine kazi ya kuushusha.

Akaurudisha mkasi mezani. Akakunja kitambaa chote kilichozidi kwa ndani, vidole vinne vizima, akachomeka pini moja moja.

"Mbona upindo mkubwa hivi?"

Pini ya mwisho ilikuwa imetoka mdomoni.

"Utarefuka. Mwakani nitaushusha."

Akapokea simu.