Nyundo ya Khaemba

Khaemba alizungushia nyundo kitambaa, akaipiga baiskeli ya bintiye kwa nguvu zake zote.

Haikufanya kitu. Akapitisha kidole kwenye foki, ile mikono miwili inayoshika gurudumu la mbele. Hakuna ufa. Hata rangi nyeusi haikuchubuka. Akapiga tena, mara hii kwa hasira, mpaka mkono ukafa ganzi.

"Ni kitu gani hiki?" alifoka peke yake.

Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma hapa Nakuru tangu ujana wake, na chuma alikijua. Chuma kikipigwa hukubali: hupinda, hubonyea, huacha alama. Lakini hii baiskeli ya kaboni, nyepesi hata ungeinyanyua kwa kidole, ilimtazama tu kama inayomdharau.

Hakuwa na wazimu. Mwaka uliopita bintiye, Nerima, alianguka kwa baiskeli kwenye mteremko wa Mau Narok, akavunjika taya, akalishwa uji kwa mrija. Kesho angeshindana kwenye barabara ileile. Khaemba alikuwa amemsihi, akamgombeza, hata akamletea pasta amkanye. Pasta akaishia kumwombea ushindi. Sasa Nerima alikuwa ameenda mjini kusukwa nywele, na kwa Khaemba ilikuwa imebaki nyundo tu.

Nayo ikashindwa. Akairudisha baiskeli ukutani, akaenda kuketi uani, amechoka kama mtu aliyepigwa yeye.

Asubuhi pikapu ya timu ya Nerima ilisimama langoni. Lynn, nahodha wao, akaruka chini.

"Habari ya asubuhi, mzee? Leo utatupigia makofi?"

Alikuwa msichana wa kucheka ovyo. Wasichana wale wawili wakapakia baiskeli zao, zote nyeusi. Walilingana kimo, na ndani ya jezi za njano na helmeti ungedhani ni mapacha.

"Baba, si hata unipe baraka?" Nerima alisema.

Khaemba alimshika bega. "Enda, mama. Mungu akutangulie."

Mchana alikwenda Njoro, mahali mashindano yangeishia. Owino, fundi wa baiskeli za timu, alikuwa pale akisubiri kando ya pikipiki yake. Khaemba akamsogelea. Jambo la jana bado lilikuwa linamkereketa.

"Hizi baiskeli zenu, boss, hazivunjikangi?"

"Ukizivuta, zinashinda chuma," Owino alisema. "Shida ni kuzigonga. Kaboni ni nyuzi, mzee, tabaka juu ya tabaka, zimeshikwa na gundi. Ukiigonga vibaya, zile tabaka zinaachana huko ndani. Nje huoni kitu, hata rangi iko sawa. Halafu siku moja unaingia kwa shimo ukiwa spidi, inakatika tu. Haipindi kwanza. Haikupi onyo."

Khaemba alimshika mkono.

"Owino. Niliigonga."

"Uligonga nini?"

"Ya Nerima. Na nyundo. Kwa foki."

Owino alimkodolea macho, kisha akatoa simu. Akampigia dereva wa pikapu iliyofuata mashindano huko juu. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani.

"Panda!" alisema, akiwasha pikipiki.

Kwenye kizuizi askari aliinua mkono. Barabara imefungwa. Owino akaonyesha kitambulisho chake; askari akakigeuzageuza, akauliza abiria ni nani, akataka kumpigia mkubwa wake kwanza.

"Ni mtoto wangu!" Khaemba alipiga kelele. "Fungua! Mtoto wangu atakufa!"

Askari akasogea.

Walipanda mteremko pikipiki ikinguruma. Mbele yao, kwenye kona, akatokea mwendeshaji mmoja peke yake mwenye jezi ya njano, ameinamia usukani, akishuka kama jiwe lililotupwa. Khaemba alisimama juu ya pikipiki, akipunga mikono.

"Nerima! Simama!"

Mwendeshaji akainua kidole gumba, akapita kwa kishindo cha upepo.

"Huyo ni Lynn!" Owino akasema. "Anaongoza! Nerima bado yuko nyuma!"

Wakaendelea. Kundi likapita, kisha wengine waliotawanyika. Hakuna jezi ya njano. Khaemba alikuwa akiomba kwa Kibukusu, lugha aliyoombea utotoni.

Juu kabisa, kando ya shamba la viazi, Nerima alikuwa ameketi kwenye nyasi, mzima, akila ndizi. Baiskeli nyeusi ilikuwa imelala karibu naye.

Khaemba hakushuka kwenye pikipiki, alianguka. Akamkumbatia, akamshika uso, meno, mabega. Alilia bila aibu mbele ya watu. Kisha akaikamata ile baiskeli, akainyanyua juu ya kichwa ili aitupe mtaroni.

"Baba, wacha! Hiyo si yangu," Nerima alisema, akicheka. "Ni ya Lynn. Alipata pancha, nikampa yangu."