Maji ya Kufagia Uwanja

Wiki ya sita sasa Scolastica alikuwa akifagia uwanja mkavu, bila kunyunyiza hata tone la maji, na vumbi lilipanda hadi kwenye bati. Majirani wa Masanze walikohoa, wakafunga madirisha. Walijua kwa nini.

Asubuhi ile ya mwisho alinyunyiza kama siku zote, ili vumbi litulie. Saa tatu mumewe, Paulo, akashika mashine yake ya kuchomelea akiwa na ndala miguuni, juu ya udongo uliolowa. Umeme haukumwachia.

"Ni maji yako," mama mkwe wake, Bibi Imelda, alimwambia mbele ya kaburi, watu wote wakisikia. Ukoo ulikaa, ukakubaliana: mwanamke aliyemuua mumewe kwa uzembe hawezi kuachiwa watoto. Jumamosi bibi angeondoka na wajukuu wake wawili kwenda Shinyanga. Begi la nguo zao lilikuwa limeshafungwa, limewekwa mlangoni, na kila alipolipita Scolastica alitamani ardhi immeze.

Leo ilikuwa Ijumaa.

"Shikamoo mama," Deo alisema alipoingia uwanjani.

"Marahaba." Bibi Imelda hakuinua macho kutoka kwenye ungo wa maharage.

Deo alikuwa fundi mwenzake Paulo, na waliazimana kila kitu. Hata hiyo mashine ilikuwa imerudi siku moja tu kabla ya msiba, baada ya wiki nzima Kidodi, ambako Deo alikarabati matela ya miwa kwenye banda lenye soketi kuukuu za matundu mawili, ikabidi abadilishe plagi. Mazikoni alilia kuliko ndugu wa damu. Baada ya hapo hakukanyaga tena pale, na Scolastica alimpigia simu mara tatu ndipo akaja.

"Nifundishe, shemeji," Scolastica alisema. "Paulo aliacha madirisha mawili ya shule. Nikiyamaliza leo, labda wataona naweza kulea wanangu."

"Si ungeiuza tu?"

"Jumanne niliibeba kwenye kikapu hadi Kilosa mjini. Nimerudi nayo."

"Imeshaua mtu," Bibi Imelda aliyaambia maharage yake. "Sasa anataka kuichezea."

Deo alipangusa jasho, akaanza. Alikuwa mwalimu mzuri, hilo hata bibi asingelikataa. Alimwambia kwanza avue kitenge cha nailoni alichojifunga juu ya gauni, maana cheche ikikiangukia kinagandia ngozi. Akamvalisha buti za Paulo na glavu zake za ngozi. Dumu la petroli ya pikipiki akalipeleka mbali, nyuma ya choo. Akatandika ubao mkavu wa kusimamia. Kisha akasugua kutu kwenye pembe ya dirisha mpaka chuma kikang'aa, akakibana hapo kibanio cha mashine.

"Kikishika kutu, moto unakosa njia. Waya huu wa kuchomelea unajitoa wenyewe ukibonyeza hapa, na una dawa ndani, hauhitaji mtungi wa gesi. Shusha ngao ya uso kabla ya kubonyeza, si baada. Halafu sikiliza. Ikilia kama dagaa kwenye mafuta ya moto, umepatia. Ikipasukapasuka, punguza mwendo wa waya."

Scolastica alirudia kila neno kama mtoto wa katekisimu. Glavu za mumewe zilikuwa kubwa mno, na bado zilikuwa na harufu yake.

"Na maji?" aliuliza.

Deo aliusukuma ubao kwa mguu. "Mahali pawe pakavu. Siku zote."

"Kwa hiyo ni mimi niliyemuua."

Deo aliliangalia begi la watoto pale mlangoni.

"Ni wewe," Bibi Imelda akajibu badala yake.

Wiki sita Scolastica alikuwa amelisikia neno hilo kutoka kwa kila mtu, na usiku alijiambia mwenyewe. Alifuta machozi kwa mkono wa glavu, yakachanganyika na vumbi usoni. Kisha akaiokota plagi ya mashine na kuipeleka kwenye soketi ya ukutani.

"Usiguse!"

Deo aliipokonya kwa nguvu hata Scolastica akapepesuka. Uso wa Deo ulikuwa umepauka, na jasho lilikuwa likimtiririka shingoni.

"Samahani, shemeji. Bado. Siwezi kukuacha uiwashe hivi." Alikuwa ameshachomoa bisibisi kwenye mfuko wa shati. "Humu ndani kuna waya wa kijani. Mashine ikivuja, huo ndio unaoupeleka umeme ardhini. Ukiwepo, hata ukisimama kwenye tope hufi. Ngoja kwanza niurudishe."

Alipiga magoti, akafungua skrubu moja, ya pili. Mfuniko wa plagi ukatoka.

Waya wa kijani ulikuwa mahali pake, mpya, umekazwa barabara.

Deo aliukodolea macho. Akaugusa kwa ncha ya bisibisi, kama mtu asiyeamini.

"Nani ameurudisha?" aliuliza.

"Fundi wa Kilosa, Jumanne," Scolastica alisema, akivua glavu. Bibi Imelda aliweka ungo chini, akainuka taratibu, akaenda mlangoni na kuanza kulifungua begi.