Maji Meupe ya Jumapili

Maji yalikuwa yamemfika Pétronille kiunoni, mkono wa pasta ukiwa mgongoni mwake, alipohisi kitu laini kikimgusa mguu.

Kwa miezi mingi mto ulikuwa mwekundu kwa matope ya wachimbaji wanaoosha dhahabu kwa dawa kali huko juu, upande wa Mubi. Jumapili hii walikuwa wamepumzika, na maji yalikuwa yametakata hata kanisa lote likashangilia.

“Funga macho, mama,” pasta alisema.

Hakufunga. Samaki waliibuka mmoja mmoja, matumbo juu, wakaizunguka kanzu ya pasta. Macho yao yalikuwa yamepauka kama mihogo iliyolowekwa. Hakuna chura aliyelia. Hakuna ndege aliyeshuka kuwadonoa.

“Papa Pasta, hii maji ilishakufa.”

“Mungu njo mwenye kutakasa, mama. Usiogope.”

Ukingoni kwaya ilizidisha sauti. Pétronille akageuka. Binti yake, ambaye angebatizwa baada yake, alikuwa ameshaingia mtoni na kuinama, viganja vimejaa maji.

Pétronille akajichomoa mkononi mwa pasta.

“Mutoke mu maji! Bote, mutoke!”

Wimbo ukakatika. Binti akainua uso kumtazama mama yake, midomo ikiwa imekwisha kulowa.