Majani ya Salamanda

Fundi saa alilibana jani la mmea wa majini kwa kibano chake, akalikunja katikati, akalishikilia mpaka likakubali. Ndani yake hakuweka kitu.

"Fanya upesi," mkewe alinong'ona, sikio likiwa mlangoni. "Binti yako anamalizia kuoga."

"Salamanda hukunja jani kwa miguu ya nyuma. Mimi nina vidole kumi, na bado nahangaika."

Salamanda wao wawili, wanyama wa majini wanaofanana na mijusi, dume na jike, waliishi katika tangi la kioo sebuleni. Mwezi mmoja nyuma, dume alishinda akimpepea jike kwa mkia, kishungi kimemsimama mgongoni, na binti yao mjamzito, tumbo likiwa mbele, alicheka mpaka akashika kiti. "Baba, mwone anavyojishaua! Kama wewe kwenye picha ya harusi." Halafu jike akaanza kutaga, yai mojamoja, kila yai akilikunjia jani lake kama bahasha.

Binti akaenda hospitali, akarudi mikono mitupu.

Wiki hiyohiyo mayai yote yakashika ukungu, na jike akafa. Fundi aliyatupa mayai pamoja na majani yake, akamzika jike nyuma ya jiko kabla nyumba haijaamka. Binti alipouliza kutoka kitandani, "Bado anataga?", mtu ambaye hakuwahi kumdanganya mteja hata kuhusu betri alijibu, "Anataga."

Tangu siku hiyo binti aliamka kila asubuhi kuja kuhesabu majani.

"Utamficha mpaka lini?" mkewe aliuliza. "Jike mwenyewe haonekani."

"Nimemwambia amejibanza chini ya jiwe. Mke wangu, hayo majani ndiyo yanayomtoa kitandani. Niachie."

"Na wewe? Kibanda chako cha saa utakifungua lini?"

"Kesho."

Alilitumbukiza jani, akahesabu. Matatu kila siku, kwa siku sita, ni kumi na nane. Pamoja na hili la leo, kumi na tisa. Akapata ishirini na tatu. Akarudia polepole, kama anavyohesabu meno ya gurudumu la saa. Ishirini na tatu.

Akaliinua moja asilolitambua. Lilikuwa limefungwa kwa uzi mweupe wa sufu, uzi wa ile sweta ndogo ambayo binti alikuwa akimfumia mtoto, akaiacha ikiwa na mkono mmoja.

Mkewe akatazama sakafu. "Binti yako kaniomba nisikwambie. Kasema hayo majani ndiyo yanayokutoa kitandani."

Mlango wa bafu ukalia. "Baba! Jike wetu ametaga leo?"

Fundi akalirudisha lile jani majini, palepale lilipokuwa.

"Moja tu, mwanangu," alijibu. "Mengine kesho."