Aliyeruhusu Jiko Liuzwe

Jiko jipya la gesi lilipolipuka na kumuunguza mke wa Machano, watu walikivamia kwa mawe kiwanda kilicholitengeneza. Mafundi wakajifungia ndani. Sikudhani, msimamizi wa utengenezaji wa jiko hilo, ambaye mafundi walikuwa bado hawajamwamini, alitoka peke yake.

"Nani kalitengeneza?" Machano aliuliza, rungu mkononi.

"Mimi ndiye niliyeruhusu liuzwe, kaka. Mafundi wangu usiwaguse."

Rungu likamvunja bega, akaanguka. Jiwe likampasua paji la uso. Akajikongoja hadi magotini, damu ikimwingia machoni, akarudia, "Ni mimi."

Nyuma yake komeo likafunguliwa. Fundi mkuu, ambaye hata salamu ya Sikudhani alikuwa haitikii, akatoka na kusimama mbele yake. Wenzake wakamfuata. Machano akainua rungu tena.